Miezi 3 ya lazima, miaka 2 ya kujitolea, au lindo la mtaa: pima kabla ya kukubali

Mtihani wa kidato cha sita ukiisha mwezi wa tano, nyumba nyingi za Mwanza huingia kwenye ubishi uleule. Majina ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) yametoka, kambi imetajwa. Kabla hata mtu hajaenda sokoni Makoroboi kutafuta bukta ya bluu iliyokoza, baba anasema kijana akanyooshwe kidogo, mama anauliza nani atamwombea chuo akiwa kambini, na mjomba anashikilia kwamba hakuna mwenye haki ya kumvalisha mtu kombati bila ridhaa yake. Watatu hao hawajibizani. Mmoja anasema malezi, mwingine ratiba, wa tatu haki.

Hapa tumeweka bega kwa bega njia tatu ambazo kijana wa kandokando ya Ziwa Viktoria anaweza kudaiwa au kujitolea kuitumikia nchi: JKT kwa mujibu wa sheria, JKT kwa kujitolea, na ulinzi wa mtaa ambao wengi bado wanauita sungusungu. Kila moja tunaiuliza maswali manne. Ina tarehe ya mwisho? Jasho linalomwagika linamfaidi nani? Mwenye dhamiri inayomkataza ana mlango wa kutokea? Na anayekataa hufanywa nini, akiwa na pesa na akiwa hana?

Neno "lazima" tumeliacha kando kwa makusudi. Kodi ni lazima, shule ya msingi ni lazima, na hatuziiti dhuluma. Neno "hiari" nalo lisikulaze usingizi, kama utakavyoona.

Mujibu wa sheria: miezi 3

JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, vijana wakijiunga kwa hiari. Lazima ilikuja 1966, ikiwahusu wahitimu wa sekondari ya juu na vyuo: miaka 2, miezi michache ya kwanza kambini na miezi 18 kazini huku asilimia 60 ya mshahara ikikatwa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam, wakamfikia Mwalimu Nyerere mwenyewe. Wanafunzi zaidi ya 300 walirudishwa makwao, na Mwalimu akajikata asilimia 20 ya mshahara wake. Ukiusoma ubishi ule leo, utaona kitu: hoja kubwa ya vijana ilikuwa makato, na jibu kubwa la Mwalimu lilikuwa deni la msomi kwa mkulima aliyemlipia shule. Suala la kushika silaha halikuwa kiini kwa upande wowote. Mpaka leo ubishi wetu wa nyumbani hufuata njia hiyohiyo, na ndiyo maana swali la dhamiri huwa halifikiwi.

Mpango wa lazima ulisimama 1994, wa kujitolea ukarudi 2001, na wa mujibu wa sheria ukarejea 2013 ukiwa mfupi: miezi 3 kwa wahitimu wa kidato cha sita.

Tarehe ya mwisho ipo, na hapa ndipo mpango huu unapopata alama zake nyingi. Linganisha na Eritrea. Sheria yao ya 1995 iliweka miezi 18. Vita na Ethiopia vilipoanza 1998 muda ukafutika, na kuna watu walioingia wakiwa vijana wakazeekea humo. Mwaka wa mwisho wa sekondari husomwa katika kambi ya kijeshi ya Sawa. Utumishi usio na siku ya kutoka hauitwi tena utumishi, hata ukipewa sababu nzuri kiasi gani. Kwa hiyo kijana akiuliza "nitatoka lini?" na akajibiwa kwa tarehe, jambo kubwa limeshatimizwa.

Swali la jasho ni gumu zaidi. JKT inajieleza kwa mambo matatu: malezi ya vijana, uzalishaji mali na ulinzi wa taifa. Kuruta anaamshwa alfajiri, mchakamchaka kwa nyimbo, usafi wa hanga (bweni) na mazingira, chai, kwata mpaka jua likomae, masomo ya uraia na silaha, kisha fatiki: kufyeka, kuchota maji, kulima. Ibara ya 25 ya Katiba inakataza kazi ya shuruti, halafu inaorodhesha visivyohesabiwa kuwa shuruti, na huduma ya lazima ya kujenga taifa kwa mujibu wa sheria imo. Kwa mwanasheria wa hapa, shauri limekwisha. Lakini Mkataba namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1930, unauachia utumishi wa lazima wa jeshi pale tu kazi inapokuwa ya kijeshi tupu, na Mkataba namba 105 wa 1957 unakataza shuruti kutumiwa kama njia ya kukuza uchumi. Kwa kipimo hicho bunduki ina kibali, jembe halina.

Sisi tunaukata mzizi huu kwa kuuliza mazao yanakwenda wapi. Kuruta akilima mchicha unaoingia kwenye sufuria lake, huyo anajilisha, na hakuna aliyemwibia. Akilima zao linalouzwa nje ya kambi kwa faida, hapo lazima imegeuka kuwa nguvukazi ya bei rahisi, na anastahili malipo. Bulombora mkoani Kigoma, kwa mfano, inajulikana kwa michikichi. Mzazi ana haki ya kuuliza vijana wa miezi 3 wanagusa sehemu gani ya shamba kama hilo na kwa saa ngapi kwa siku.

Hoja ya ulinzi nayo ipimwe hapahapa kwetu, kwa sababu watu wa ziwa hili hawakuisoma vitabuni. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na nchi ikalazimika kuita maelfu ya mgambo haraka. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa upande wa Amin, ililenga hifadhi ya mafuta ya Mwanza, ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Mtu aliyeitwa mwaka ule akiwa tayari anajua kupanga mstari, kusafisha silaha na kutii amri bila kuuliza mara mbili alikuwa na nafasi nzuri kuliko aliyefundishwa wiki moja kabla ya kuvuka mto. Hoja hiyo inatosha kutetea mafunzo mafupi ya msingi. Haitoshi kutetea miaka 2 wakati wa amani. Pia ina tundu: miezi 3 bila kurudiwa huyeyuka. Uswisi huwaita raia wake tena na tena kwa marudio mafupi. Bila marudio, tunachobaki nacho baada ya miaka 5 ni nyimbo za mchakamchaka na cheti.

Sasa mambo ya mkononi, maana hata utumishi wa haki huharibika kwa maandalizi mabaya.

Vifaa vinavyotajwa kwenye matangazo ni bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini. Fulana ya kijani. Raba za kijani au bluu. Mashuka mawili ya bluu bahari. Soksi ndefu nyeusi. Suti ya michezo ya kijani au bluu. Na nauli ya kwenda na kurudi. Kinachowaumiza wengi ni raba. Mtu hununua mpya siku mbili kabla ya safari, saizi ikimbana vidole, na wiki ya kwanza kisigino kinatoka lengelenge, lengelenge linapasuka, linaingia vumbi, na kijana anakosa kwata kwa siku kadhaa huku akionekana mvivu. Nunua saizi inayoacha nafasi ya kidole gumba mbele, uivae wiki mbili nyumbani ukipanda na kushuka milima ya Mabatini au Bugando ukiwa na soksi zilezile ndefu.

Kambi nayo ina lake. Aliyepangiwa Rwamkoma mkoani Mara yuko karibu na hali ya hewa ni ya nyumbani. Aliyepangiwa Mafinga anakwenda kwenye baridi ya Juni na Julai ambayo mtoto wa Nyakato hajawahi kuiona, na shuka mbili hazitamtosha: abebe sweta na soksi za ziada. Wa Kigoma siku hizi anavuka Kigongo–Busisi kwa daraja lililofunguliwa Juni 2025, hana tena foleni ya kivuko, lakini safari bado ni ndefu, kwa hiyo aondoke mapema asifike usiku.

Lile swali la mama lina majibu. Matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka mwezi wa saba, kijana akiwa kambini, na usitegemee simu huko. Kabla hajapanda basi: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa sababu maombi ya mkopo hukwama hapo, namba ya mtihani ya kidato cha nne na cha sita iandikwe kwenye daftari linalobaki nyumbani, barua pepe ya maombi ifunguliwe na nywila yake aachiwe mtu mmoja tu anayeaminika, na laini ya simu iliyosajiliwa kwenye maombi ibaki nyumbani ikiwa na chaji, maana namba za uthibitisho zinatumwa humo. Kosa la kawaida ni kijana kuondoka na laini, simu ikahifadhiwa, na dirisha la maombi likafungwa huku kaka yake akisubiri tarakimu sita. Nakala za vyeti abebe, vilivyo halisi abebe vinavyodaiwa tu.

Kujitolea: miaka 2

Kwa juu juu hii ndiyo njia safi kimaadili. Hakuna aliyekuvuta, unaomba kupitia ofisi ya wilaya au mkoa, unasailiwa, unapimwa afya, unaingia. Fomu haiuzwi na nafasi hainunuliwi. Anayekudai "hela ya afande" stendi ya Nyegezi ni tapeli.

Tatizo liko kwenye sababu ya kuomba. Matangazo ya jeshi la ulinzi, JWTZ, ya kuandikisha askari huuliza cheti cha JKT, na vijana wengi wanaojitolea hawaendi kwa ajili ya gwaride, wanaifuata ajira iliyo nyuma yake. JKT yenyewe hurudia kwamba haiahidi ajira na kwamba kijana akimaliza mkataba atarudi nyumbani. Wengi husikia, wachache huamini. Aprili 2021 vijana 854 wa kujitolea waliondolewa makambini baada ya mgogoro uliohusu matarajio ya kuajiriwa. Uongozi uliita utovu wa nidhamu, na mwaka uliofuata walisamehewa na kurejeshwa. Hatutaki kuhukumu nani alikosea. Tunachoona ni kwamba hiari iliyobebwa na njaa ya kazi inabana kuliko lazima ya miezi 3 inayomchukua mtoto wa mkuu wa idara na mtoto wa mchuuzi wa dagaa kwa foleni moja.

Marekani waliuona mlango huu kutoka upande mwingine. Walipoacha kuandikisha kwa lazima 1973, jeshi likawa la hiari tupu, na tangu hapo wapo wanaolalamika kwamba mzigo wa vita umehamia kwa familia zisizo na njia nyingine ya kulipia chuo. Wengine hujibu kwamba mshahara mzuri ni heshima kuliko amri. Sisi tuko nao hawa wa pili, kwa sharti kwamba mshahara uwepo kweli.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, fanya hesabu hii kwenye karatasi. Upande mmoja andika ulichonacho hakika: chakula, malazi, posho ndogo, cheti, na stadi utakayofundishwa. Upande wa pili andika unachoacha: miaka 2 ya chuo cha ufundi, biashara au kilimo. Ajira usiiandike upande wowote. Kama karatasi bado inakuambia nenda, nenda. Uliza pia kwa jina ni stadi gani kambi hiyo inafundisha, ujenzi, ufugaji, useremala, na kama inatoa cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Stadi isiyo na cheti ni vigumu kuiuza Mwanza. Kijana mwenye sifa za kwenda chuo tungemshauri asubiri, isipokuwa kama jeshi ndiyo ndoto yake na anajua linaweza kumkataa.

Mlango wa dhamiri

Hapa njia zote mbili za JKT hazifanani hata kidogo. Wa kujitolea mwenye dhamiri inayokataa silaha anaacha tu kuomba. Wa mujibu wa sheria hana njia ya badala iliyotangazwa: hakuna utumishi wa hospitali au wa kupanda miti kwa asiyetaka bunduki. Huu ndio udhaifu mkubwa wa mpango wetu, na ni rahisi kuurekebisha kuliko tunavyodhani.

Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa imani, na mahakama zetu haziifumbii macho: 2013 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova waliokuwa wameadhibiwa shuleni kwa kutoimba wimbo wa taifa. Nje, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua 2011, katika shauri la Bayatyan dhidi ya Armenia, kwamba kumfunga anayekataa jeshi kwa imani ni kuvunja uhuru wa dhamiri. Austria humpa kijana chaguo: miezi 6 ya jeshi au miezi 9 ya huduma ya kiraia, na 2013 wananchi wake walipiga kura kuubakisha utaratibu huo. Korea Kusini ilifungua mlango 2020, ila ukiwa mwembamba: miezi 36 ya kazi magerezani, mara mbili ya miezi 18 ya askari wa miguu. Muda mrefu kidogo unatenganisha mwenye imani na mvivu. Ukifika mara mbili unakuwa adhabu iliyovaa kanzu.

Kwa kijana anayeguswa na hili, au mwenye ugonjwa, au mjamzito, kosa baya kuliko yote ni kunyamaza na kutokwenda. Aandike barua kabla ya tarehe ya kuripoti, kwenda Makao Makuu ya JKT Dodoma, yenye sababu moja tu iliyoelezwa kwa aya mbili, jina la shule, namba ya mtihani na kambi aliyopangiwa. Sababu ya afya iambatane na maelezo ya daktari wa hospitali ya serikali. Ya imani iambatane na barua ya kiongozi wa dini inayosema amekuwa mwumini tangu lini. Nakala yenye muhuri wa kupokelewa ibaki nyumbani. Barua yenye sababu tatu, ugonjwa na dini na ada ya chuo kwa pamoja, inasomeka kama ya mtu anayetafuta kisingizio. Mwenye ulemavu aangalie tangazo lenyewe, kwa kuwa Ruvu JKT mkoani Pwani imekuwa ikitajwa kuwa ndiyo yenye miundombinu ya kuwapokea.

Lindo la mtaa

Watu huisahau hii kwa sababu haina kombati, ila ndiyo lazima ya zamani zaidi huku Usukumani. Kabla ya JKT vijana walikuwa chini ya nsumba ntale, kiongozi wa kundi la kazi, na asiyetokea shambani aliijua faini yake. Sungusungu wa miaka ya mwanzo ya 1980 walikuja kwa wizi wa ng'ombe na silaha zilizozagaa, mwano (yowe la hatari) ukipigwa kila mwanaume anatoka, na 1989 sheria ikawatambua. Leo mitaani ni daftari la zamu, filimbi, tochi na rungu, nyumba moja mtu mmoja, saa 5 usiku hadi alfajiri.

Mwisho wake ni asubuhi, faida inabaki mtaani unapolala, na hakuna anayekufundisha kuua. Kwa maswali matatu ya kwanza inazishinda zote. Inaanguka kwenye la nne. Mtaa mwingi huruhusu kulipa badala ya kulinda, kiasi kilekile kwa kila nyumba, kwa hiyo mwenye duka ananunua usingizi na mjane anayeuza mihogo analipa sawa naye. Na faini ikishindikana, ndipo vitu huanza kuchukuliwa ndani ya nyumba bila risiti, jambo ambalo halina sheria ya kulitetea. Vivyo hivyo kwa aliyekamatwa usiku: anapelekwa kituoni, hachapwi, na fimbo ikitembea walinzi ndio watakaojibu mahakamani.

Kwenye mialo ya wavuvi kama Igombe na Kayenze kuna kosa jingine la ratiba ambalo viongozi waliokulia bara hawalioni. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikua wavuvi wanapumzika na kurudi nyumbani. Mwezi ukifa ndipo mtaa unataka walinzi wengi, na ndipo wavuvi wako majini. Wanaporudi wanakutana na faini ya siku 10. Daftari lenye haki linawapa wavuvi zamu za mbalamwezi, hata tatu mfululizo, na wenye kazi za mchana zamu za giza. Bodaboda anayeishi kwa abiria wa usiku apewe Jumapili au saa za alfajiri. Mjane na mzee wa zaidi ya miaka 60 wafutwe kwenye malipo, wasipunguziwe tu. Jedwali libandikwe ofisi ya serikali ya mtaa siku 7 kabla ya mwezi kuandama, likiwa na majina, na kila faini iandikwe kwenye kitabu cha stakabadhi chenye namba.